Chai Niliyoifukiza Udi

Nilipoolewa Lamu mjini nilikuja na kasha moja la nguo na kiburi cha kujaza makasha matatu. Kwetu ni Pate, na miaka ile ya hamsini wanawake wa mjini walituona sisi wa Pate kama watu waliotoka jana shambani kufukuza ndege. Nikaapa hawatanipata. Wakinicheka mapishi, wacheke. Wakinicheka maneno, wacheke mpaka wachoke. Lakini kwenye manukato, wallahi, hapo walininyamazia. Mamangu alikuwa fundi wa udi wa kupika, ule wa sukari na ambari na marashi, na alinifundisha tangu ningali mdogo wa kukaa mapajani. Sijamaliza hata miezi miwili pale nyumbani, majirani wakawa wanamuuliza mama mkwe, "Bi, huyu mke wa mwanao anatia nini kwenye chetezo?" Na mama mkwe, ambaye neno la sifa lilimtoka kwa shida kama anang'olewa jino, akaanza kunitaja mbele za watu.

Naanza na hayo ili mjue kwamba sikuwa mjinga. Mjinga husamehewa. Mimi nilikuwa na sifa, na ni sifa hiyo iliyonifunga mdomo.

Baba mkwe wangu alifanya kazi melini miaka mingi, chini kabisa kwenye matanuri, akitia makaa. Meli zake zilifika mpaka Hong Kong. Wenzake walirudi na hariri na sahani za maua, yeye akarudi na chai. Si chai hii yetu ya maziwa na iliki. Ilikuwa chai iliyoshindiliwa kwa mvuke na jiwe mpaka ikawa duara gumu na bapa, upana wa sahani, nyeusi kama chungu kilichokaa jikoni miaka. Kila duara moja aliliita mkate. Kila mkate ulikuwa umefungwa kwa karatasi yake nyembamba yenye mhuri mwekundu wa maandishi ya Kichina, na mikate saba saba ilifunganishwa kwa majani makavu ya mwanzi. Alikuwa nayo kumi na minne. Mikongwe kuliko yote aliinunua kabla ya vita vikuu vya pili, na mwenyewe alisema bado inakua. Inakua! Nikadhani mzee anatania. Kumbe chai ile kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa njema, ukali unatoka na utamu unaingia, na yeye alikuwa akiingojea kama mtu anavyongojea wanawe wakue.

Aliipanga kwenye vidaka vya ukutani, chumba cha juu, chumba chenye dirisha moja dogo na mlango uliofungwa kwa komeo. Samaki hakupitishwa pale, wala kitunguu. Alikuwa pia na mtungi wake wa maji peke yake. Mitungi yote mingine ya nyumba tuliifukiza ubani kabla ya kutia maji, kama ilivyokuwa kila nyumba ya heshima, maana maji yasiyo na harufu ya ubani nani angempa mgeni? Wake haukufukizwa kamwe. Maji yake yaliletwa kwa punda kutoka kisima cha Shela, yakamiminwa hivyo hivyo, makavu. Nilimwonea huruma, eti. Nikasema moyoni, masikini, watu wa melini wamezoea dhiki. Jambo lilikuwa mbele ya macho yangu mchana na jioni, na sikuliona.

Kila Ijumaa baada ya sala alikaa ukumbini na seredani ndogo ya makaa. Alichokoa kipande cha mkate kwa kisu chembamba, taratibu, asivunje majani. Akakitia kwenye birika dogo, akamimina maji ya moto, na maji yale ya kwanza akayamwaga yote. Mama mkwe alikuwa akisema, "Haya, anaiosha chai sasa, kesho ataipiga pasi." Maji ya pili ndiyo yaliyonywewa, kwa vikombe vya kahawa, bila sukari. Mama mkwe aliyaita maji ya tope. Mume wangu alikuwa na dharura ya dukani kila Ijumaa saa ile ile.

Ijumaa yangu ya kwanza alinitazama nimesimama mlangoni, akasema, "Ndoo, mwanangu, ndoo uketi." Nikaketi, nikapewa kikombe, nikanywa. Astaghfirullahi! Ilikuwa kama kulamba ukuta wa ghala. Nikameza, nikatabasamu, nikasema, "Tamu, Baba."

Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo, na sikuuhesabu kuwa uongo. Nilikuwa najipendekeza tu kama mke mgeni anavyojipendekeza. Lakini uso wake! Mzee yule alikuwa amekunywa chai yake peke yake tangu alipoacha melini. Kuanzia siku ile nikawa mwenzake. Alinifundisha kuisikia kooni baada ya kumeza, alinisimulia duka la Mchina aliyemuuzia, mtu mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho aliyemtaka kwanza akae nusu siku akionja ndipo amuuzie. Kusema kweli, nilianza kumpenda yeye kabla sijaipenda chai. Nilipokuwa na miezi kumi nyumbani ulimi wangu nao ukaanza kukubali kidogo kidogo. Naye akawa anawaambia watu, "Nyumba nzima, huyu mwanangu ndiye ajuaye."

Masika ya mwaka wa pili binti yake Baba mkwe aliolewa Malindi. Baba na Mama wakasafiri kwa majuma matatu, nami nikaachiwa nyumba na mume wangu. Mvua ile haikuwa ya mchezo. Kuta zilitoa jasho, nguo zikaota madoa kwenye makasha, na kila pembe ikanuka koga. Siku ya tano nikapanda chumba cha juu kutazama kama paa linavuja. Nikafungua komeo, harufu ikanipiga: udongo, mbao kuukuu, unyevu. Karatasi za mikate zilikuwa na vumbi jeupe pembeni. Nikashika kichwa. Chai ya mzee inaoza!

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Ile harufu ndiyo iliyokuwa chai. Ndiyo ile ile niliyokuwa nikiinywa kila Ijumaa na kusema tamu. Ningekuwa nimeionja siku moja kwa moyo wangu, badala ya kuinywa kwa adabu, ningeitambua.

Jua lilipotoka nikaiteremsha mikate yote kumi na minne. Nikaivua karatasi moja moja, nikaipangusa kwa kitambaa, nikaianika darini, juu kwenye jua, mchana kutwa. Haikunitosha. Kwetu kitu kikinuka koga unakifanyaje? Nguo, mto, mtungi, nywele, hata chumba cha mzazi: unakifukiza. Nikaleta tundu la fito tunalotandazia nguo, nikaweka chetezo chini yake, nikapanga mikate juu, mitano mitano, nikafunika kwa shuka. Nikatia ubani kwanza, kisha udi wangu mwenyewe, ule bora, niliouweka kwa ajili ya Idi. Moshi ukapanda ukaiingia. Nikaigeuza, nikafukiza upande wa pili. Siku mbili nilifanya kazi ile, nikiimba. Ndiyo, nilikuwa naimba! Nikarudisha karatasi, nikafunga majani ya mwanzi vile vile, nikapanga vidakani. Chumba chote kikanukia kama cha bibi harusi. Nikasema nitangoja wamalize kupumzika safari, Ijumaa nimpe Baba habari mbele ya kila mtu, nipate sifa zangu.

Walirudi Jumatano. Ijumaa nikavaa leso mpya. Mama mkwe alikuwa na wageni wawili, jirani zake, na alikuwa akiwaambia jinsi nilivyoitunza nyumba, kwamba amerudi hakukuta hata doa la koga. Nikavimba kichwa. Baba akaketi, akachokoa, akamwaga maji ya kwanza, akamimina ya pili. Akanywa. Akakishusha kikombe, akakitazama ndani kama mtu aliyeona mdudu.

"Mai haya yamefukizwa?" akauliza.

"La, Baba," nikasema. Na ilikuwa kweli, maji hayakufukizwa.

Akanusa mtungi. Akaosha birika kwa maji ya moto, akaanza upya. Akanywa tena. Akakisukuma kikombe mbali, nami hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo. Nilikwisha kufungua kinywa. Kisha akasema polepole, haongei na mtu, "Nasikia ubani. Ndugu yangu alinambia maneno haya. Chakula kina ubani, mai yana ubani, na jumaa la pili tukamzika."

Wale wageni wakasema innalillahi. Mama mkwe akasema, "Acha maneno yako, Bwana!" lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Kwetu ubani na udi ni vya harusi na vya wageni, na ni vya sanda pia, na mtu mzima anapousikia mahali usipokuwapo, watu huuelewa kwa namna moja tu.

Akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ndiwe ajuaye. Onja. Wausikia?"

Nikaonja. Ilikuwa kama kutafuna chetezo. Udi wangu, ubani wangu, marashi ya mamangu, yote yalikuwa pale ulimini, na chai yenyewe haikuwapo. Mbele yangu wanawake wawili wa mjini wananitazama, na mama mkwe aliyetoka kunisifu dakika ile ile. Nikawaona tayari wakitoka mlangoni na habari: yule wa Pate kafukiza chakula kama kanzu! Mji mzima ungecheka mpaka mtaa wa Wiyoni.

"Sisikii kitu, Baba," nikasema. "Chai tu."

Akatikisa kichwa. Akamwaga kilichobaki kwenye birika. "Basi ni mimi," akasema.

Nilijiambia nitamweleza jioni, wageni wakishaondoka. Jioni alikuwa msikitini. Nikasema kesho. Kesho yake alikuwa amekwisha kumwita mume wangu na kumwambia mambo ya nyumba, nani apate nini, na akamwagiza kitambaa cha sanda. Sasa nitasema nini? Kuna siku moja ya kukiri jambo, na ikipita, la pili linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kufukiza chai ni upuuzi wa mke mgeni. Kumtazama mzee akinunuliwa sanda, nawe unajua, hilo jina lake silijui hata leo.

Hakufa. Aliishi miaka minne baada ya Ijumaa ile, mwenye afya, macho mazima, meno karibu yote. Lakini aliishi kama mtu aliyefunga mzigo anangoja kuitwa. Seredani ndogo akaipa jirani. Chumba cha juu akakifunga komeo, hakupanda tena. Akaacha kukaa mlangoni na wenzake, akawa ni msikitini na kitandani. Mwaka uliofuata binti yake wa Malindi alijifungua mtoto wa kiume, akatuma watu mara mbili kumwita babake aje amwadhinie mjukuu sikioni. Akakataa. "Sitaki kufa ndiani," akasema. Mtoto akaadhiniwa na mtu mwingine. Jioni ile nilimsikia chumbani mwake akiiadhini ile adhana pole pole, peke yake, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Nikaenda kupika.

Tena mimi ndimi niliyemhudumia vizuri kuliko wote! Nilimpelekea uji, nilimkanda miguu, nilimsomea barua. Watu wakasema, tazameni mke alivyo na mapenzi kwa mkwewe. Sifa zikaongezeka. Nilizipokea.

Sasa nakuja siku yenyewe, ambayo sijamsimulia mtu, hata marehemu mume wangu.

Ilikuwa kaskazi, chini ya miaka miwili tangu ile Ijumaa. Akaja mgeni kutoka Faza, mzee aliyefanya kazi na Baba tanurini, meli moja. Walikaa kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, wanaume wawili, na mimi nikawa ndani nyuma ya pazia, kama desturi. Mume wangu alikuwa dukani, Mama amekwenda kuzuru mgonjwa. Nikawasikia wakicheka. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba mzee yule alikuwa na kicheko. Kisha mgeni akasema, "Ndugu yangu, nimekuletea kitu. Wakumbuka yule Mchina wa ukucha? Nami nilinunua mkate siku ile ile uliponunua wewe. Umebaki nusu. Nimesema nikaunywe na mwenyewe."

Mkate ule ulikuwa ndugu wa mikate yetu, wa duka moja, siku moja, na haukuwahi kuonja udi wa mtu yeyote. Baba akinywa funda moja tu, atajua. Atajua kwamba pua yake ni nzima, na hakuna aliyemwita, na atajua ni nani.

Nikaambiwa nichemshe maji ya Shela. Nikachemsha. Nikayapitisha chini ya pazia. Nikasikia kisu kikichokoa, maji ya kwanza yakimwagwa, ya pili yakimiminwa. Harufu ikaja mpaka nilipo. Kisha Baba akasema, "Subiri, Bwana, nimwonjeshe mwanangu wa ndani. Yeye ndiye bingwa." Mgeni akacheka, akasema mpelekee, mpelekee.

Baba akaingia, pazia likaanguka nyuma yake. Tulikuwa wawili tu kwenye ukumbi ule. Akanikaribia na kikombe, akasema kwa sauti ya chini, mgeni asisikie, "Kunywa wewe. Mimi sitaki kuusikia ule ubani mbele za mtu, nitatoka machozi, nami ni mtu mzima; huko nje nitagusisha mdomo tu. Kunywa unambie, ni sawa na yetu?"

Nikakishika kikombe. Nikanywa.

Wallahi ilikuwa njema. Sijui niseme nini zaidi. Ilikuwa laini, haina ukali hata chembe, na nilipomeza utamu ukapanda kutoka kooni pole pole, kama alivyonifundisha kuungojea Ijumaa zile zote. Ilikuwa na harufu ya ardhi iliyopata mvua. Nikafahamu, kwa mara ya kwanza, ile mikate kumi na minne ilikuwa kitu gani. Mtu aliilea miaka ishirini, nami nikaimaliza kwa siku mbili, nikiimba.

Naye alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama mdomo. Hapakuwa na mama mkwe pale, wala jirani, wala watu wa mjini. Nani angenicheka? Ilikuwa neno moja tu la kunong'ona, wala sikuhitaji hata neno: ningemwachia funda moja kikombeni, nikamwambia, "Onja, Baba." Basi. Miaka yake ingemrudia.

Nikakinywa chote. Mpaka tone la mwisho, makusudi, asije akaonja.

"Sawasawa na yetu, Baba," nikasema. "Hakuna tofauti."

Akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta. Nikadhani ataanguka, nikamshika mkono. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Basi chai ni nzima, ni mimi tu. Sikukwambia, mwanangu, lakini nimemwachia mumeo wasia: mikate ile ni yako wewe. Nani mwingine nimpe? Katika nyumba hii ni wewe tu usiyenidanganya. Nalikuwa na hofu moja, kwamba nitakuwachia kitu kilichoharibika."

Nikamwambia, "Ahsante, Baba," nikamrudishia kikombe chake.